Bahari ni ya Nani, Mama?

KAMA umewahi kusafiri na watoto kutoka Nairobi hadi Mombasa wakati wa likizo ya Desemba, unajua kwamba swali la bahari huanza kuulizwa mkiwa bado Mlolongo. "Mama, bahari iko wapi?" Mkifika Emali linaulizwa tena. Mkifika Voi hata wewe mwenyewe unatamani kumuuliza dereva.

Safari zetu huishia kwa shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, ambaye anaishi bara ya kaskazini, ng'ambo ya daraja la Nyali, mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka baharini. Nyumba ya shangazi si kubwa. Tunalala watoto kwa watu wazima kama dagaa, na maji ya mfereji huja yakipenda. Lakini nyumba hiyo ilikuwa na kitu kimoja ambacho hoteli za kifahari huwauzia watalii kwa bei ghali: ilikuwa na njia. Nasema njia kwa maana ya kawaida kabisa. Ilikuwa njia ya mchanga kati ya viwanja viwili, pana kiasi cha gari moja kupita, iliyoshuka moja kwa moja mpaka ufuoni.

Nimeipita njia hiyo tangu nikiwa msichana mdogo, nikimfuata shangazi akienda kununua samaki wavuvi wanapopandisha mitumbwi. Alfajiri walipita wavuvi na nyavu zao mabegani. Maji yakipwa walipita akina mama wa kutafuta pweza, kila mmoja na kijiti chake cha chuma. Jioni walipita vijana na mpira. Jumapili ndiyo usiseme, mtaa mzima uliteremka.

Desemba iliyopita tuliteremka kama kawaida, mimi mbele na mwanangu wa miaka minane nyuma, taulo shingoni, akikimbia na kurudi kama mbwa aliyefunguliwa kamba. Tulipofika nusu ya njia tukakuta ukuta wa matofali, lango la chuma lililopakwa rangi ya kijani, na kijana wa ulinzi ameketi kwenye kiti cha plastiki.

"Habari yako, kaka. Tunashuka baharini."

"Nzuri, mama. Samahani, hapa sasa ni mahali pa mtu."

"Tangu lini?"

Akatabasamu kwa haya, kama mtu aliyechoka kuulizwa swali hilo. "Mimi niliandikwa mwezi wa nane, mama. Nilikuta lango lipo."

Akatuelekeza kwa heshima. Turudi barabara kuu, tupande matatu, twende kwenye ufuo wa umma, huko tutaingia bure. Sikuwa na ugomvi naye. Baadaye nilikuja kujua kwamba ni kijana wa mtaa wa pili, na kwamba mamake hununua samaki kwa wavuvi wale wale anaowazuia. Lakini tukiwa tunarudi, mwanangu alinishika mkono akaniuliza, "Mama, kwani bahari ni ya nani?"

Nilimwambia ni ya Mungu. Jibu hilo humtosha mtoto mpaka afike kwenye kituo cha matatu.

Tulienda Bamburi, kwenye ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao wengi wenu mnauita Pirates. Kama hujafika huko siku ya sikukuu, basi jaribu kuwaza Gikomba iliyomwagiwa maji ya chumvi. Ngamia, farasi, wapiga picha, wauza mabuyu, tyubu za magari za kukodisha, na watoto waliopotea wakitangazwa kwa kipaza sauti. Mimi napenda zogo hilo, sitadanganya. Ila nilijiuliza: pwani ya Kenya inatoka Vanga hadi Kiunga. Mbona sisi wananchi tunabanwa kila mwaka kwenye vipande vichache hivi, kama wageni walioambiwa wasubiri nje?

Usiku, baada ya wali na mchuzi wa papa, nilimuuliza shangazi ilikuwaje. Alicheka kicheko kisicho na furaha.

"Mwanangu, hawakuja na ukuta," alisema. "Kwanza walikuja watu wawili na vyuma, wakachimbia mawe meupe pembeni. Tukasema ni wapimaji wa serikali. Halafu mabati. Tukasema wanaweka saruji yao isiibwe. Halafu kibao cha hoteli na maduka. Kila mtu akadhani mwenzake ameuliza. Mimi nilidhani mzee wa mtaa ameuliza. Mzee wa mtaa alidhani wavuvi wameuliza. Wavuvi walidhani sisi wenye nyumba tumeuliza. Siku lango lilipofungwa ndipo tulipojua hakuna aliyeuliza."

Maneno hayo yamenikaa kichwani mwaka mzima, na ndiyo sababu ya makala haya.

Hebu tuanze na sheria, kwa sababu wengi wetu tunaogopa sheria kabla hatujaisoma. Kifungu cha 62 cha Katiba ya mwaka 2010 kinataja ardhi ya umma ni ipi. Ndani yake imo ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa. Watu wa pwani wanaelewa jambo hili kuliko mawakili. Mchanga ule ambao maji huufunika na kuufunua kila siku ni wako na wangu. Haijalishi nyuma yake pana hoteli ya nyota tano au kibanda cha makuti. Askari wa hoteli hana ruhusa ya kukufukuza hapo kwa sababu tu hukulala kwenye hoteli yake.

Vizuri. Lakini utafikaje? Hapo ndipo ujanja ulipo, msomaji. Mchanga ni wa umma, ila kati ya barabara kuu na mchanga huo pana safu ya viwanja vya watu binafsi, kimoja baada ya kingine. Kinachotuunganisha sisi na mali yetu ni zile njia nyembamba zilizoachwa kati ya viwanja. Ukiziba njia, huna haja ya kuiba ufuo. Utabaki wa umma katika Katiba, na wageni wa hoteli ndio watakaoufaidi. Sisi wengine itatubidi twende kwa ngalawa.

Wala hili si la jana. Mwaka 2003 serikali iliunda tume ya kuchunguza unyakuzi wa ardhi ya umma, iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, na mwaka 2004 tume hiyo ikatoa ripoti nene. Iliyaeleza mambo ambayo wananchi walikuwa wakinong'onezana kwa miaka: jinsi viwanja vilivyotengewa matumizi ya umma, misitu na kandokando za barabara zilivyogawiwa watu wenye majina makubwa, wengine wakageuka na kuyauzia mashirika ya serikali ardhi iliyokuwa ya serikali. Ripoti ile ilisomwa sana na kufuatwa kidogo. Hata hivyo Katiba iliyofuata ilipigilia msumari mmoja muhimu: kifungu cha 40 kinasema haki ya kumiliki mali hailindi mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Kwa maneno ya sokoni, mtu kukuonyesha hatimiliki si mwisho wa mazungumzo. Una haki ya kuuliza aliipataje.

Najua kuna msomaji anayetikisa kichwa. "Dada, wewe unaota. Nani atamzuia tajiri mwenye karatasi, mawakili na marafiki serikalini?"

Nitakujibu kwa kukupeleka kwenye maji madogo kabisa, maji ambayo watoto wengi wa Nairobi walikuwa wakiyaita bahari kabla hawajaiona bahari yenyewe. Nazungumza kuhusu kile kiziwa cha mashua cha Uhuru Park. Nilipanda mashua hapo nikiwa darasa la pili, soda mkononi, baba akipiga makasia na kulowesha suruali yake ya Jumapili. Sikujua kwamba miaka michache tu nyuma yake, bustani ile ilikuwa karibu kutoweka.

Mwaka 1989 lilitangazwa jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Lingekuwa refu kuliko yote barani Afrika. Lilikuwa la shirika la Kenya Times Media Trust, lililohusishwa na chama tawala cha KANU, pamoja na mshirika wake kutoka Uingereza, tajiri wa magazeti Robert Maxwell. Ndani yake kungekuwa na makao makuu ya chama, ofisi za gazeti, kumbi, maduka na maegesho ya magari 2,000, na sanamu kubwa ya rais wa wakati huo. Gharama yake ilitajwa kuwa kama dola milioni 200 za Marekani, nyingi zikiwa za kukopa.

Kumbuka enzi zile, wewe uliyekuwa mkubwa. Chama kilikuwa kimoja. Watu walizungumza siasa wakitazama nyuma. Profesa Wangari Maathai, wa Green Belt Movement, aliposikia habari hizo hakuita maandamano. Aliketi akaandika barua. Aliiandikia kampuni ya gazeti lile lile, akaiandikia ofisi ya rais, akaandikia wakuu wa jiji, mawaziri, mashirika ya Umoja wa Mataifa, na hata balozi wa Uingereza, akimuuliza kama watu wa London wangekubali mnara wa namna hiyo katikati ya Hyde Park. Hilo la barua napenda nilitilie mkazo, kwa vile tunadhani kupinga ni kurusha mawe. Yeye alikuwa na kalamu na stempu za posta.

Jibu alilopata lilikuwa la matusi. Mnamo Novemba 1989 wabunge walimjadili bungeni, si hoja zake, bali yeye, ndoa yake iliyovunjika na wanawake wenzake wa shirika. Ua likazungushwa bustanini na ujenzi ukazinduliwa. Akaenda Mahakama Kuu, na Desemba mwaka huo kesi ikatupwa. Mahakama ilisema hana msimamo wa kisheria wa kushtaki. Maana yake, bustani si yake, nyumba yake haiko pale, hakuna alichoibiwa, basi anatafuta nini mahakamani? Baada ya hapo shirika lake lilifukuzwa kwenye ofisi ya serikali kwa notisi ya saa 24. Mafaili yakahamia nyumbani kwake South C, wafanyakazi wakafanya kazi sebuleni.

Ungekuwa wewe ungeendelea? Mimi sijui.

Lakini angalia kilichotokea pembeni. Watu wa kawaida wa Nairobi, ambao hawakuwa na ujasiri wake, walianza nao kuandika barua kwa magazeti. Wafadhili wa nje wakasikia, wakaanza kujiuliza kwa nini nchi yenye madeni inakopa tena kujenga mnara juu ya bustani. Mapema mwaka 1990 serikali ikatangaza kwamba jengo litapunguzwa ukubwa. Kisha mradi ukanyamaza. Februari 1992 ua likaondolewa. Profesa alipata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004 na akatuaga mwaka 2011, na ile kona ya bustani inayoitwa Freedom Corner bado ipo.

Mambo ya namna hiyo hayakuwa ya Uhuru Park peke yake. Mwaka 1991 Jevanjee Gardens, pale katikati ya jiji, nayo ilitakiwa kwa ujenzi. Aliyesimama mbele kuitetea alikuwa Zarina Patel, mjukuu wa yule mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliyeitoa bustani hiyo kwa ajili ya umma. Leo ukipita saa saba mchana utakuta makarani wamelala kwenye nyasi na wahubiri wawili wakishindana kwa sauti.

Sasa nirudi kwenye lile neno la mahakama la mwaka 1989, kwa maana ndilo linalotuhusu sisi wa njia ya mchanga. "Si yako, unashtakia nini?" Swali hilo leo limefutwa. Kifungu cha 70 cha Katiba kinasema mtu yeyote anaweza kwenda mahakamani akiona haki ya mazingira safi inavunjwa, na halazimiki kuonyesha kwamba yeye au mwingine yeyote amepata hasara au kuumia. Soma tena: mtu yeyote. Muuza mihogo, mwanafunzi wa kidato cha tatu, shangazi yangu.

Na si maneno ya kwenye karatasi tu. Kule Lamu palipangwa kujengwa kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe chenye uwezo wa megawati 1,050, huko Kwasasi, kwenye mwambao wa bara, si mbali na mji wa kale ambao umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2001. NEMA ilitoa leseni mwaka 2016. Wakazi, wakiwemo wavuvi, chini ya shirika lao la Save Lamu, wakapeleka malalamiko kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 jopo likaifuta leseni. Miongoni mwa sababu ilikuwa hii: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano ya mwanzo ilikuwepo, lakini ripoti yenyewe ya athari za mradi ilipokamilika, wenye bahari hawakupewa nafasi ya kweli ya kuisoma na kuijibu.

Kwa hiyo kuulizwa si hisani ya mwenye mradi. Kanuni za mazingira zinamtaka anayeanzisha mradi mkubwa abandike matangazo mahali penye mradi, atangaze gazetini na redioni, na afanye mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoathirika. Na leseni ikitolewa, mtu asiyeridhika ana siku 60 za kukata rufaa kwa jopo hilo. Siku 60 si nyingi. Mabati tu yanaweza kukaa siku 60 kabla mtu hajauliza nyuma yake kuna nini. Zile notisi ndogo ndogo za kurasa za ndani za gazeti, ambazo wewe huzifungia maandazi, ndimo njia za watu zinamopotelea.

Niseme jambo moja la haki kwa upande wa pili, ili nisionekane nimekula upepo wa bahari tu. Shangazi ana jirani ambaye mwanawe amepata kazi ya upishi kwenye jengo hilo jipya. Ni kijana aliyekaa nyumbani miaka mitatu baada ya chuo. Mamake hataki kusikia habari za kamati ya njia. "Nyinyi mnataka kuogelea," aliwaambia wenzake, "mimi nataka kodi ya nyumba." Siwezi kumlaumu. Wajenzi huja na ajira, na pwani inazihitaji. Lakini hakuna aliyesema hoteli isijengwe. Hoteli inaweza kusimama na njia ikabaki pembeni yake, kama ilivyokuwa miaka yote kati ya viwanja vile viwili. Kijana atapika, na wavuvi watapita na samaki wa kupikwa. Sijaelewa bado kwa nini hesabu hiyo ni ngumu.

Mtaa wa shangazi hatimaye umeuliza, ingawa umechelewa. Mwezi wa pili walikutana chini ya mkungu, wavuvi, akina mama wa pweza na wenye nyumba. Mwalimu mmoja mstaafu akawaandikia barua kwa mkono wake mzuri wa kizamani. Walienda ofisi ya ardhi kuomba ramani ya upimaji, na kwenye ramani hiyo, shangazi ananiapia, njia yao imechorwa, mistari miwili sambamba mpaka baharini. Nakala moja wameipeleka kwa kaunti na nyingine NEMA. Zote zimepigwa mhuri wa kupokewa. Majibu bado.

Kilichobadilika ni lango. Tangu barua ile ifike, linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Wenyewe wanaita hiyo ruhusa. Shangazi anaita saa za ofisi. Wavuvi ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu bamvua haitazami saa. Maji yakijaa saa tisa usiku ndiyo wakati wa kushusha mitumbwi, na saa tisa usiku lango la kijani lina kufuli. Wanazunguka mpaka kwenye njia ya mbali, nyavu kichwani, karibu kilomita tatu.

Wiki iliyopita shangazi alinipigia simu kuuliza tutafika lini mwaka huu, na kama nitamletea miwani mipya. Mwanangu akaninyang'anya simu kumuuliza kama lango bado lipo. Lipo, akajibiwa. Basi tumepatana tutaondoka Nairobi usiku, tufike mapema, tuingie baharini kabla halijafungwa.